Sura ya Sita: Mkeka wa Jumapili

Ukitafuta picha za Mombasa utaletewa Mji wa Kale: milango ya nakshi, roshani za mbao, wazee wameketi barazani na vikombe vidogo vya kahawa mkononi. Picha hizo ni za kweli, lakini ni za watu wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa, na Mvita, ambayo ndiyo kisiwa chenyewe, ilikuwa na 154,171 tu. Zaidi ya milioni moja waliobaki, kwao ni ng'ambo: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415, Changamwe 131,882. Katika kila watu wanane wa Mombasa, karibu saba wanaishi upande wa pili wa feri, wa daraja la Nyali au wa Makupa.

Sura hii ni ya hao saba. Desturi ya kukaa pamoja, ambayo sisi wa pwani tunaihesabu kuwa urithi wetu, ilikulia katika nyumba ambazo wengi wao hawana.

Nyumba ya mawe ya Mji wa Kale ina baraza mbele, kikalio cha mawe kilichoshikana na ukuta, nusu yake ni ya mwenye nyumba na nusu ni ya njia. Mpita njia huketi pasi na kupiga hodi. Mwenye nyumba hana haja ya kumwalika, wala kutandika sebule, wala kuwasumbua walio ndani. Saa zake zilijulikana bila tangazo: baina ya alasiri na magharibi, kisha tena baada ya isha. Anayemtafutia mwanawe mchumba, anayedai, anayetaka kujua nani mgonjwa na nani amesafiri, alijua aende wapi na saa ngapi. Wanawake nao walikuwa na ukumbi wa ndani na ua, na saa zao. Yaani urafiki ulikuwa na mahali na wakati, na ndiyo maana uliweza kuishi miaka arobaini baina ya watu ambao huenda hawakuwahi kuandaliana hata chakula kimoja rasmi.

Sasa chukua nyumba ya kawaida ya Mtongwe, Mshomoroni au Chaani. Vyumba sita au vinane vinatazamana, ujia uko katikati, choo na bafu viko uani, na kila mlango una mpangaji wake. Mmoja ni wa Taita, mwingine wa Kitui, wa tatu amekuja kutoka Busia, wa nne ni Mdigo aliyezaliwa mitaa miwili kutoka hapo. Kibaraza cha saruji kipo, chembamba, na mara nyingi kimekaliwa na meza ya mama muuza viazi karai. Saa ambayo baraza la mjini linaanza kuchangamka, mpangaji huyu bado amesimama ferini, au yuko kwenye matatu iliyokwama baina ya Kongowea na Bombolulu, au ndiyo kwanza anaingia zamu ya usiku bandarini. Na hizo nyumba za vyumba sita zenyewe zinabomolewa kila mwaka ili fleti zipande. Fleti ina geti, ngazi na mlango wa chuma. Kibaraza hakimo katika ramani yake.

Matokeo yake ni kwamba watu wa ng'ambo hukutana kwa mambo makubwa tu. Tunakutana harusini, tunakutana matangani, kwenye hitima, kwenye harambee ya karo, kwenye mkutano wa kupanga mazishi ya mtu wa nyumbani. Simu zetu zimejaa makundi ya michango ambayo huanza na picha ya marehemu na kuisha na orodha ya waliotoa na wasiotoa. Mambo hayo yana heshima yake na sitaki yapungue. Lakini harusi ya watu mia tatu haina nafasi ya kumuuliza mtu habari za kazi yake mpya, na matangani si mahali pa kucheka. Mtu unayeonana naye kwenye msiba peke yake, siku ukipatwa na jambo dogo, jambo la kuzungumzwa tu, hutampigia simu. Utaona unamsumbua.

Kinachokosekana ni kikao kidogo, cha gharama ndogo, kinachorudi siku ileile na saa ileile, ambacho mtu anaweza kukijia bila sababu na kutokuja bila kuomba radhi. Baraza la mawe lilitupa kitu hicho bure. Ng'ambo, lazima mtu mmoja aamue kukitengeneza, na sura hii inamwomba msomaji awe mtu huyo.

Tuanze na muda, kwa sababu watu wengi hukata tamaa mapema. Mwaka 2018 Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alichapisha utafiti uliowauliza watu waliohamia mji mpya na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wametumia saa ngapi na watu wapya waliokutana nao. Kwa makadirio yake, mtu hutoka kuwa wa kujuana tu hadi kuwa rafiki wa kawaida kwa takribani saa 50 za kuwa pamoja, huwa rafiki hasa kwa takribani saa 90, na rafiki wa karibu kwa zaidi ya saa 200. Saa za kazini hazikuwa na uzito uleule. Zilizohesabika zaidi ni za kupumzika na kuzungumza. Sasa piga hesabu ya pwani. Kikao cha saa mbili kila Jumapili kitafikisha saa 50 baada ya wiki 25, karibu nusu mwaka. Saa 90 zitatimia kabla ya mwaka kwisha. Saa 200 ni wiki mia moja, karibu miaka miwili. Kwa hiyo Jumapili ya nne, mkiwa bado mnazungumzia joto na nauli, na jirani wa chumba cha pili bado anakaa ukingoni mwa mkeka kama mtu anayengoja kuitwa, jua kwamba hamjachelewa. Mko saa ya nane.

Naipendelea Jumapili alasiri, kuanzia saa kumi hadi magharibi. Ijumaa ni ya msikiti na ya biriani ya nyumbani. Jumamosi ni ya kufua, ya soko na ya harusi. Jumapili saa kumi walioenda kanisani wamesharudi, wamekula na wamelala kidogo. Wanaoswali alasiri wamemaliza, na magharibi inawainua bila mtu kufukuzwa. Kikao chenye mwisho unaojulikana hakimchoshi mwenyeji, na mgeni hakai akijiuliza kama amezidisha.

Lakini ng'ambo zetu hazifanani. Likoni, umbali haupimwi kwa kilomita. Mkondo pale ferini ni kama nusu kilomita tu, na mtu anaweza kuutazama saa nzima kabla ya kuuvuka. Ukitaka wageni wa kisiwani waje Shika Adabu au Timbwani, usiwaalike kwa saa. Waambie "njooni mkivuka", na kahawa iwe moto tangu mwanzo hadi mwisho, ili atakayefika saa kumi na moja asijione amechelewa. Kuna rafiki wa Likoni ambaye hajawahi kukanyaga kwa rafiki yake wa Changamwe, si kwa chuki bali kwa kuwaza feri, kisha mjini, kisha Makupa. Barabara ya Dongo Kundu imeondoa sehemu kubwa ya kisingizio hicho: sasa mtu hutoka Miritini hadi upande wa Likoni kwa gari bila kugusa kisiwa. Kama una jamaa au rafiki wa zamani upande huo, mtafute mwezi huu.

Kisauni ni ndefu, imetandaa kutoka Mlaleo na Mjambere hadi Bamburi na Utange, na ni pana mno kwa kikao kimoja cha marafiki waliotawanyika. Huko mimi ningeanza na majirani wa kutembea kwa miguu na kuwaacha wa mbali waje wakiweza. Kuna na jambo la usalama ambalo lazima lisemwe wazi: vijana wenye mapanga wamewahi kuwavamia watu jioni katika mitaa ya Kisauni na ya Likoni, na mama wa watoto hatakuja kwako ikiwa hajui atarudije. Maliza kabla ya giza. Wanaokaa upande mmoja watoke pamoja. Kijana wa nyumba awasindikize wazee hadi stejini. Mgeni aliyefika kwake salama atarudi wiki ijayo.

Changamwe ina shida ya zamu. Bandari haifungwi usiku, wala kampuni nyingi zinazoizunguka, kwa hiyo Jumapili ya mmoja ni siku ya kazi ya mwenziwe. Huko nimeona kikao kikifaa zaidi kikiwa na nyakati mbili: alasiri kwa walio mapumziko, na asubuhi, saa mbili hadi saa nne, kwa wanaotoka zamu ya usiku na wanaotaka mahamri na mbaazi kabla ya kulala. Watu haohao hubadilishana saa kadiri zamu zinavyozunguka, na baada ya miezi michache kila mmoja amekaa na kila mmoja.

Changamwe pia inatufundisha urafiki wa kazini ukoje. Reli mpya ilianza kubeba abiria kutoka Miritini mwaka 2017, kisha mizigo, na mwaka 2019 agizo la kwamba makontena ya kwenda bara yapande reli liliwatoa watu barabarani mjini kila Jumatatu kwa maandamano. Madereva, makuli, mafundi wa matairi, mama wa vibanda vya chakula kwenye yadi za malori: wengi walipoteza riziki. Walipoteza na kitu kingine ambacho hakikuandikwa kwenye mabango. Yadi ilikuwa baraza lao. Siku ilipofungwa, mtu aliyekuwa akipiga soga na watu ishirini kila siku alibaki chumbani Mikindani na redio. Ukimjua mtu wa namna hiyo, mwalike yeye kwanza. Wala usimwalike kwa huruma. Mpe kazi ya kuchochea jiko.

Ana haja nyingine pia ya kuja. Mwaka 1973 Mark Granovetter, Mmarekani wa elimu ya jamii, alichapisha makala kuhusu jinsi watu wanavyopata kazi. Aliwauliza waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua: mtu huyo mlikuwa mkionana mara ngapi? Waliosema mara kwa mara hawakufika mmoja kati ya watano. Zaidi ya nusu walisema mara mojamoja, na zaidi ya robo walisema kwa nadra. Sababu yake ni rahisi. Anayekaa nawe kila siku anajua unayoyajua wewe. Habari mpya hutoka kwa wa mbali kidogo. Mtaa wa vibarua hauhitaji kuelezwa hilo mara mbili. Kwa hiyo mkeka usijazwe marafiki wa chanda na pete peke yao. Mwite fundi cherehani uliyemzoea kwa salamu tu, mwalimu wa madrasa, kinyozi, yule dada wa duka la dawa, mwenye bodaboda anayempeleka mwanao shule.

Ukubwa? Watu wanane hadi kumi na wawili. Wakizidi hapo, mazungumzo yanagawanyika na mwenyeji anageuka mhudumu.

Nimefika kwenye jambo linaloua vikao vingi kuliko feri na zamu, nalo ni aibu ya meza. Pwani tumelelewa kwamba mgeni ni mtukufu, na tukaongeza wenyewe kwamba utukufu wake ni pilau. Basi mwenyeji anaalika mara moja, anachinja kuku wawili, anaazima sinia, anakopa sukari dukani, anasifiwa, na harudii tena hadi mwaka upite. Walioalikwa nao wanaingiwa na deni: nikienda tena lazima nami niwaite, na mimi pilau ya watu kumi sina. Hapo ukarimu umewatenganisha watu. Nimeona majirani wema wakiepukana kwa sababu hiyo, kila mmoja akimheshimu mwenziwe mno.

Kanuni ninayoipendekeza ni hii: andaa kile unachoweza kukiandaa tarehe 25 ya mwezi, mshahara haujaingia. Kama huwezi kukirudia wiki hiyo, kipunguze. Na kupunguza pwani si kazi ngumu, maana vyakula vyetu vitamu zaidi ndivyo vya bei ndogo. Kahawa chungu inatosha kushikilia kikao kizima: buni iliyokaangwa na kutwangwa, tangawizi kavu, iliki kidogo, dele juu ya makaa yaliyofifia ili ikae moto bila kuchemka. Vikombe vyake ni vidogo kwa makusudi. Mtu hunywa, hurudisha, huongezewa, na kila kuongezewa ni sababu ya kubaki dakika kumi zaidi. Kando yake weka kashata za nazi au za njugu, au tende. Siku nyingine ni mhogo wa kuchoma kwa pilipili na ndimu. Siku nyingine ni kaimati. Wa Kisauni wana soko la Kongowea njiani, na msimu wa maembe sinia moja lililokatwa na kunyunyiziwa chumvi na pilipili linawatosha watu kumi. Asiyekunywa kahawa apewe maji ya ukwaju. Kwa wenye kisukari, na kila mtaa unao, weka kitu kisicho na sukari bila kukitangaza.

Chakula kipikwe kwa namna ambayo kila mmoja anaweza kula. Mtaa wa dini mbili unafaa kupika halali na kumaliza suala. Pombe nayo ina mahali pake ng'ambo hizi. Mangwe ya mnazi ni baraza halisi, na Wamijikenda wamekaa kwenye mnazi kwa vizazi wakiamua mambo mazito ya ukoo. Lakini mkeka wa nyumbani unaotaka mama, mzee wa msikiti, mpentekoste na kijana wakae pamoja hauwezi kuubeba mnazi. Na muguka uwekwe mbali vilevile. Serikali ya kaunti ilijaribu kuupiga marufuku Mei 2024 na agizo likaishia mahakamani. Mahakama ina yake, lakini kikao cha kutafuna humchukua kijana hadi alfajiri, na mamake hatakusamehe.

Sasa suala la nani akae na nani. Likoni inajua majirani wakigawanywa mambo hufika wapi. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na siku zilizofuata watu waliotoka bara walishambuliwa, nyumba na vibanda vikachomwa. Waliouawa walipita mia moja na waliokimbia walikuwa makumi ya maelfu. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi na mikono ya wanasiasa ilihusika; sidai kwamba kahawa ingezuia silaha. Ninachodai ni kwamba uvumi hupata nguvu pale watu wanapojuana kwa kabila tu. Mtu uliyemsikia akilalamikia goti lake Jumapili tatu mfululizo, unayejua mwanawe amefeli hesabu na binti yake anaolewa Disemba, ni vigumu kuambiwa ghafla kwamba yeye ni "wale" na ukakubali. Kila mwaka wa uchaguzi unapokaribia, nawaomba wenyeji wa Likoni wazidishe mikeka yao.

Wala si jambo geni kwetu kutengeneza jamii kutoka kwa wageni. Upande wa Nyali kuna Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Waliokusanywa hapo walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, wasio na ukoo wala lugha moja, na wakaishi pamoja na Waafrika waliorudi kutoka Nasik, India. Kengele iliyotundikwa kuwaonya wakati wa hatari ndiyo iliyoipa Kengeleni jina lake. Na mjini, wanawake wa karne iliyopita walikuwa na vyama vya lelemama, kama Banu Saada na Ibinaal Watan, ambavyo mwanahistoria Margaret Strobel aliandika habari zake katika kitabu chake cha 1979. Vilikuwa vyama vya ngoma, mashindano na karamu, na ndani yake walikaa wanawake wa asili mbalimbali, wakiwamo wajukuu wa watumwa. Ngoma iliwapa sababu ya kukutana, na kukutana kukawapa nguvu: miaka ya 1950 baadhi ya wanawake hao walikuwa miongoni mwa walioanzisha vyama vya maendeleo ya wanawake Waislamu. Hakuna aliyeanza kwa kuandika katiba.

Nalisema hili la katiba kwa makusudi. Mkusanyiko wowote wa ng'ambo ukidumu miezi mitatu, atatokea mtu mwenye nia njema aseme: kwa kuwa tunakutana, kwa nini tusichange kidogokidogo? Jibu langu ni hapana, na nalisema kwa msisitizo. Vyama vya akina mama na mchezo wa kuzungushiana pesa vimewasomesha watoto na kuwanunulia watu mashamba, na kila mtu na awe nacho kimoja. Ila visiwekwe juu ya mkeka huu. Pesa ikiingia, asiyekuwa nayo wiki hiyo hujificha. Atasema anaumwa, atasema yuko safarini, na kumbe amejifungia chumbani mlango wa tatu, akisikia vicheko. Huyo ndiye aliyehitaji kuja kuliko wote. Wenye kutaka kuchanga wapange siku nyingine na mahali pengine.

Yaliyobaki ni madogo. Keti chini kama maungo yanaruhusu, na wazee wapewe viti vyenye mgongo. Mkeka huondoa mashaka ya nani akae wapi. Kama mna fleti isiyo na uwanja, ukumbi wa ngazi au paa vinafaa, mradi umemwambia mwenye nyumba mapema na umefagia baadaye. Weka mchezo karibu, bao, dhumna au drafti, kwa ajili ya wasiopenda kusemeshwa. Mwanamume mkimya atakuja mwaka mzima kwa ajili ya bao na kusema mambo yake ya moyoni akiwa anahesabu kete. Televisheni izimwe hata kama kuna mpira. Watoto wapewe kona yao na kashata zao. Wanaume na wanawake wakae kama mtaa wenu ulivyozoea, pamoja au mikeka miwili inayosikilizana, na usilazimishe mtindo wa mtaa mwingine. Mgeni mpya asitambulishwe kwa kabila wala kwa kazi. Mtambulishe kwa kinachomvuta mwingine: "Huyu naye anafuga njiwa."

Akikosa mtu Jumapili mbili, mpitie. Usimuulize mbona hakuja; mpelekee mhogo.

Ramadhani ikifika, kahawa ya alasiri inasimama na mkeka unahamia baada ya tarawehe, au unageuka futari ya pamoja mara moja kwa wiki ambapo kila chumba kinatoa sahani moja. Jirani Mkristo aitwe. Wengi wao wamekuwa wakipokea sahani ya futari mlangoni kwa miaka na hawajawahi kuketi kuila na walioipika. Jumapili ya kwanza baada ya Idi mnarudia saa yenu, na mrudie kweli, kwa sababu ndipo vikao vingi hupotea.

Na kwa kuwa wapangaji huhama, kodi ikipanda au kazi ikihama, kikao chenye mwenyeji mmoja hufa siku lori la vyombo linapokuja. Kabla ya mwaka kwisha, mchague mtu wa pili. Mwachie Jumapili moja kila mwezi aandae yeye, kwake, hata kama wewe upo na una nafasi, nawe uende ukiwa mgeni na usiguse jiko. Ajue nani hali nazi na nani hapandi ngazi. Siku ya kuhama mwachie dele. Huko unakohamia, nunua jingine ndani ya wiki ya kwanza, kisha mgongee jirani wa ukuta mmoja na wa mlango wa mkabala: wawili wanatosha kwa Jumapili ya kuanzia.